Fundo la Mita Moja na Nusu

Mji mzima ulimwita Bwana Pua, na hakuna aliyemwita hivyo kwa ubaya. Pua yake mwenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na maneno aliyowaambia wateja kila siku kwa miaka thelathini na minane: "Weka pua." Mteja aliketi kitini karibu na dirisha, Bwana Pua akavuta kamba iliyofungwa chini ya kamera, akaileta mpaka usoni, na mteja akagusa fundo kwa ncha ya pua yake. Kamba ikinyooka bila kulegea, basi mteja yuko mahali pake. Hapo kamba huachiwa, mteja huambiwa abane pumzi, na picha hupigwa.

Kamera yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kukunja. Ikifungwa ilitosha mfukoni mwa koti. Ikifunguliwa, mlango wake wa mbele ulishuka na lenzi ikajitokeza, ikivuta nyuma yake ngozi nyeusi yenye mikunjo kama ya kinanda cha mkono. Filamu yake ilikuwa pana, picha nane basi, na nambari za picha zilisomwa nyuma katika kidirisha chekundu kidogo kama kifungo cha shati. Haikuwa na kitu cha kupimia umbali. Mpigaji alitakiwa ajue mwenyewe mteja yuko mita ngapi, kisha azungushe pete ya lenzi mpaka kwenye nambari hiyo. Wengine hukadiria kwa macho. Bwana Pua hakuyaamini macho ya mtu yeyote, yake yakiwemo. Aliiamini kamba.

Ilikuwa kamba ya pamba iliyosokotwa, nene kama ya kiatu, yenye mafundo matatu: mita moja na nusu kwa picha ya uso, mbili kwa aliyeketi, tatu kwa aliyesimama. Mafundo hayo aliyafunga marehemu mkewe mwaka walipofungua studio katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na pua ya kwanza kuyagusa ilikuwa yake. Zikafuata pua za mji: za wachumba, za walimu, za watoto wenye mafua, za watu ambao leo wana wajukuu. Fundo la kwanza, lililotumika kuliko yote, lilikuwa limekuwa jeusi na linang'aa.

Watu walikuwa na simu zenye kamera, ndiyo, na simu zilipiga picha mia kwa siku. Lakini simu ikiibiwa au ikitumbukia ndooni, picha nazo huenda na maji. Kwa picha ya ukutani walikwenda kwa Bwana Pua.

Mkaza mwana wake aliingia nyumba hiyo akiwa na cherehani, mikasi mitatu na utepe wa kupimia shingoni. Mtaa ulimwita Fundi kabla hajamaliza wiki. Mumewe, mtoto wa pekee wa Bwana Pua, alikuwa fundi umeme wa kazi za mikataba, leo mji huu kesho ule, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, mkwe na baba mkwe, wakistahiana kiasi cha kuchosha. Fundi alitangulia kuamka ili mzee asimkute anaosha uso uani. Mzee naye alikohoa kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Mmoja akisema chai ina sukari ya kutosha, mwingine alishinda akijiuliza kama maana yake imezidi.

Kwenye ukuta wa ukumbi zilitundikwa picha za kila mtu wa nyumba ile. Bibi na babu, marehemu mke wa Bwana Pua, mtoto akiwa hana meno, mtoto akiwa na ndevu. Msumari wa Fundi ulikuwa umeshapigwa kabla hajafika. Aliuona siku ya kwanza, mpya, unang'aa peke yake, akaambiwa kuwa Jumatatu atapigwa picha ya kuutundikia. Alifurahi mpaka akaona haya.

Jumapili akaamua na yeye afanye la maana. Akafagia studio, akafuta vumbi kwenye dirisha, akateremsha mapazia ayafue. Kwenye ndoano ya mguu wa kamera akaiona kamba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu kamba yake ilikuwa ya pamba. Alishika lile fundo jeusi kwa vidole viwili, akawaza pua zote zile, akaitia sufuriani pamoja na mapazia na sabuni ya mche, akaichemsha hadi ikawa nyeupe pepe. Jioni ilikuwa imekauka, imerudi kwenye ndoano yake.

Bwana Pua alipoingia aliiona kutoka mlangoni. Akaisogelea, akalishika fundo la kwanza, akalinusa.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Kisha akatoka uani, akasimama karibu na karo akitazama ukuta kwa muda mrefu. Fundi alimwona kupitia dirisha la jikoni. Kosa alilijua kuwa ni kosa, ila hakulijua ni lipi. Mumewe ndiye aliyemweleza kwenye simu usiku huo: "Umeifua kamba ya mama? Lo! Basi nyamaza tu, usimkumbushe."

Akanyamaza. Na Bwana Pua akanyamaza. Tangu siku hiyo neno kamba halikutamkwa tena katika nyumba ile, hata ya kuanikia nguo iliitwa "ile ya uani." Bwana Pua aliivuta kila siku akiwa anatazama pembeni, maana hakutaka kuuona weupe wake. Aliikabidhi pua za watu, akaiachia, basi. Ndipo kosa lilipopata mahali pa kulala, kwa sababu nyumba ikishakuwa na kitu kisichosemwa, hakuna anayepekua hapo.

Jumatatu Fundi alipigwa picha. Ilitoka na ukungu. Macho yake yalikuwa kama yanatazamwa kupitia kioo cha bafuni.

"Tutarudia," akasema Bwana Pua.

Hawakurudia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, msumari mtupu. Fundi alipita chini yake kila asubuhi na ndoo ya maji, akajifunza kupita bila kuinua uso. Hakumwambia mtu, lakini lilimuuma. Aliamini kwamba mzee ameamua kuwa picha ya mtu aliyefuta pua ya marehemu haiwezi kukaa karibu na marehemu, na alipofikiri vizuri aliona mzee ana haki.

Kumbe mzee alikuwa na msiba wake mwingine. Picha ya muuguzi mstaafu ilitoka na ukungu. Ya wachumba wawili ikatoka na ukungu. Wanafunzi waliopigwa uwanjani kwenye jua walitoka safi, kila kifungo kinaonekana, na hilo ndilo lililommaliza. Nje jua ni kali, kamera hufumba na kufumbua mara moja na jicho la lenzi likiwa limebanwa, kwa hiyo hata mkono mbovu hausumbui. Ndani mwanga ni wa dirisha tu. Lenzi hufunguliwa mpaka mwisho na kamera hukaa wazi kwa muda, na waya wa kufyatulia ulikatika miaka mingi iliyopita, kwa hiyo alifyatua kwa kidole. Ndani, mkono ukitetemeka, picha imekwisha. Bwana Pua aliutazama mkono wake wa kulia, wenye miaka sitini na tisa, akatoa hukumu bila kusikiliza shahidi.

Akaanza kushika kikombe kwa mikono miwili. Akaacha kujinyoa mwenyewe, akaenda kwa kinyozi. Mkono unaoshukiwa kila saa hauchelewi kutetemeka, na kweli ukaanza.

Siku ya Jumanne, wakiwa mezani, alisema akiitazama sahani, "Mwenye hoteli atakuja Jumamosi kuichukua kamera."

"Kuipeleka wapi, Baba?"

"Kwake. Ana rafu pale mapokezi. Kaweka redio ya zamani na pasi ya mkaa. Kaiomba miaka mingi nikamkatalia." Akanawa. "Kule haitahitaji mikono."

"Na wateja?"

"Wana simu," akasema mzee, akainuka.

Fundi alibaki na tonge mkononi. Alikuwa ameingia katika nyumba yenye mtu anayejua kazi yake, na katika miezi miwili mtu huyo alikuwa anajizika mwenyewe, kidogo kidogo, kwa adabu.

Sasa Bwana Pua alikuwa na mtindo mmoja: picha iliyoharibika hakuitupa kabla ya kuandika nyuma yake, kwa penseli, sababu ya kuharibika. "Mwanga." "Kapiga chafya." "Filamu kuukuu." Kisha aliipeleka kwa mshonaji yeyote aliyekuwa jirani, kwa kuwa karatasi yake ni ngumu na inafaa kwa vielelezo vya kola. Tangu mkwe aje, rundo lilihamia kwenye meza ya cherehani.

Jumatano Fundi alitaka kukata kielelezo cha kola ya duara. Akachukua picha ya juu, na ilikuwa ya muuguzi mstaafu. Kabla ya kukata akaigeuza. Nyuma palikuwa na neno moja: "Mimi." Akachukua ya wachumba. "Mimi." Akachukua nyingine, na nyingine. Mimi, mimi, mimi, kwa mwandiko uliozidi kuwa mdogo. Fundi akaweka mikasi chini. Alilia kidogo, akajifuta kwa kipande cha bitana, kisha akaigeuza tena ya muuguzi, maana blauzi ile aliishona yeye na fundi hawezi kupita kazi yake bila kuikagua.

Uso wa muuguzi ulikuwa ukungu mtupu. Lakini mshono wa begani ulionekana. Haukuonekana kidogo, ulionekana wote, tundu kwa tundu, hata pale uzi ulipokatika akauunga akidhani hakuna atakayejua. Hereni nayo ilikuwa safi. Fundi akaileta picha karibu na dirisha, akahesabu mishono kumi na saba.

Alikaa akifikiri kwa namna anayoijua. Cherehani ikitetemeka, mshono wote unaharibika, mwanzo hadi mwisho. Haiwezi kuharibu kola ikaacha bega. Na mkono ukitetemeka hauchagui: utapotosha pua na bega kwa pamoja. Hapa kamera haikutetemeka. Ilitulia tuli na kutazama kwa makini sana, ila ilitazama kiganja kimoja nyuma ya pua. Kwa hiyo muuguzi alikuwa ameketi kiganja kimoja karibu mno. Na nani aliyemketisha pale?

Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwake. Alingoja mzee atoke kwenda kununua dawa za kusafishia picha, akaingia studio, akainyoosha kamba juu ya meza. Kutoka ncha inayofungwa kwenye skrubu ya kamera mpaka fundo la kwanza palitakiwa sentimita mia na hamsini.

Zilikuwa mia na thelathini na nane.

Fundi alikaa chini sakafuni. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kukata kitambaa cha pamba cha mteja kabla ya kukirowesha, kwa sababu hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anajua kwamba pamba ikipata maji ya moto hurudi, ikawa fupi. Aliwahi kumfukuza msaidizi kwa kosa hilo. Na yeye mwenyewe ameichemsha kamba kwa sabuni ya mche, akaianika, akaitundika, na hakuwaza lolote, kwa sababu hakuiona kuwa ni pamba. Aliiona kuwa ni uchafu.

Kitu cha kwanza alichofikiria kilikuwa kuficha. Afungue fundo, alisogeze mbele, alifunge tena. Mzee atapiga picha kesho, itatoka safi, na hakuna atakayejua. Alilishika, akaona lilivyofungwa, limepinda kushoto kama mafundo ya mtu wa mkono wa kushoto, akaliachia kama limemchoma. Kisha akairowesha kamba, akaining'iniza mlangoni mwa chumba chake na pasi ya chuma chini yake, mpaka Alhamisi asubuhi. Ilirefuka mpaka mia na arobaini na moja. Ilipokauka ikarudi mia na thelathini na nane.

Akampigia mumewe simu.

"Mwambie," mumewe akasema.

"Si wewe uliyeniambia ninyamaze?"

"Niliyasema hayo bado hajaigawa kamera. Mficha uchi hazai, mke wangu."

Ijumaa, baada ya chai, Fundi alikohoa mlangoni mwa studio. Bwana Pua alikuwa anaipangusa kamera kwa kitambaa laini, tayari kwa safari yake.

"Baba, nina neno."

"Sema, mwanangu."

Maneno aliyokuwa ameyapanga usiku kucha yalimkimbia. Akaenda mezani, akainyoosha kamba, akatandaza utepe wake kando yake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Naomba upime, Baba."

Bwana Pua akavaa miwani. Akazifuata namba kwa kidole, akafika kwenye fundo, akarudi mwanzo, akafuata tena.

"Mia na thelathini na nane," akasema.

"Ilirudi nilipoifua."

Nje jirani alikuwa akikwangua sufuria. Mzee akainua mkono wake wa kulia mpaka usawa wa macho, akautazama mbele na nyuma kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

"Kwa hiyo huu..."

"Hauna kitu, Baba. Tazama bega la muuguzi." Akampa picha. "Ungekuwa mkono, mshono usingeonekana."

Akatazama. Fundi aliona shingo yake inabadilika rangi, akajua kuwa sasa hasira inakuja, na ikaja.

"Wewe fundi cherehani!" Hakuwahi kupaza sauti mbele yake hata siku moja. "Kipande cha kitambaa cha mteja unakirowesha siku nzima kabla hujakigusa! Kamba yangu hukujua itarudi?"

"Sikuiona kuwa ni pamba. Niliiona uchafu."

"Uchafu! Ule ulikuwa pua ya mama yako!"

"Najua, Baba. Nilijua siku ile ile. Ulisema ahsante."

"Ningesema nini? Bi harusi wa wiki moja, umeamka alfajiri unifulie! Nikutukane?"

"Ungenitukana," Fundi akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, "ningeomba radhi, ungeitazama kamba, ungeona ni fupi. Miezi miwili hukuitazama kwa sababu ya kunistahi mimi. Na mimi miezi miwili sikusema kwa sababu ya kukustahi wewe."

Bwana Pua akavua miwani. Akaketi kwenye kiti cha wateja. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi akashtuka akidhani kuwa analia. Alikuwa anacheka.

"Kinyozi," akasema alipoweza. "Ananinyoa vibaya! Wiki sita sasa!"

Alipotulia akasema, "Chukua utepe wako. Tufunge fundo jipya."

"Nilifungue hili?"

"Hilo usiliguse. Liache lilipo. Funga la kwako mbele yake."

Kamba ilikuwa na nafasi ya kutosha kabla ya fundo la pili. Fundi alipima mara tatu, akafunga kwa mkono wa kulia, akavuta kwa meno. Bwana Pua akayapitisha mafundo yote mawili kwenye vidole vyake akiwa amefumba macho, moja limepinda kushoto, moja limepinda kulia, akatikisa kichwa kukubali. Haya mengine mawili watayapima kesho, akasema, leo hakuna wa kupigwa picha amesimama.

Kisha akageuza kamera, akachungulia kidirisha chekundu. "Nane. Imebaki moja. Nilikuwa sijui niipige nini." Akaufungua mlango wa mbele polepole, kama afanyavyo siku zote, kwa kuwa ukiufungua kwa pupa ile ngozi huvuta pumzi na filamu ndani hujikunja. Akazungusha pete ya lenzi mpaka kwenye moja na nusu. "Kaa."

Fundi akaketi, macho mekundu, utepe umerudi shingoni. Kamba ikaja. Ilinukia sabuni ya mche.

"Weka pua."

Akaweka. Mzee akaachia kamba, akainama, akapeleka kidole. Fundi alikuwa akikitazama kidole hicho, na kwa hakika kilitetemeka kidogo, kama kidole cha mtu yeyote wa miaka sitini na tisa ambaye amegombana na kucheka asubuhi moja. Kisha kikabonyeza.

Jumamosi mwenye hoteli alikuja na sanduku lenye sponji ndani. Alikaribishwa vizuri, akaketishwa karibu na dirisha, na kabla hajauliza kamera iko wapi alikuwa na fundo kwenye ncha ya pua. Aliondoka na sanduku lake tupu na risiti ya kuja kuchukua picha Alhamisi.

Ya Fundi ilikuwa tayari kabla ya hiyo. Ndani yake ana macho mekundu na pua imevimba kwa kulia, na kila unywele wa nyusi unahesabika. Kama angeulizwa, angeomba apigwe nyingine. Hakuulizwa. Bwana Pua aliikata kingo, akaigeuza, akashika penseli kwa mazoea. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akairudisha penseli sikioni, akaenda ukumbini, akaitundika kwenye msumari wake, na nyuma yake hakuandika kitu.